Vifaa vya Gofu Alivyoviacha Mume Wangu

Shemeji zangu walipokuja kutoka Kabambare kugawa mali ya marehemu kaka yao, walichukua pikipiki, redio, na vipuri vyote vilivyobaki dukani, pamoja na mbao za rafu zenyewe. Vya nyuma ya nyumba hawakuvitaka. Mkubwa wao alizunguka uani mikono ikiwa mgongoni, akaangalia tairi kuukuu lililofungwa kwenye shina la mchikichi, akaangalia mwanzi uliochomekwa ardhini kwa mshazari, na chandarua kilichochanika kilichotundikwa kati ya nguzo mbili. Kisha akaigusa kwa kidole cha mguu fimbo ya chuma iliyoegemea ukuta.

"Hivi vitu vyote iko vya nini, shemeji?"

"Ni vya muchezo wake."

"Basi tunakuachia," akasema, kama mtu anayetoa zawadi.

Nilisimama mlangoni mpaka mlio wa ile pikipiki, niliyoijua kama mtu anavyojua kikohozi cha wa nyumbani kwake, ukapotea kwenye barabara ya Kabambare. Binti yetu, mtoto pekee aliyetukulia, alikuwa amesharudi Kindu kwa mume wake. Wanawake wa matanga walikuwa wamekwenda na sufuria zao. Niliingia ndani, nikakaa kwenye kiti kilichokuwa karibu, na sikumbuki niliinuka saa ngapi.

Lazima nieleze huo mchezo, maana hapa Kasongo hakuna aliyeujua ila yeye.

Mume wangu alizaliwa Lubumbashi. Baba yake, Mubangubangu wa Kabambare, alikuwa amefuata kazi ya reli huko kusini akaoa huko huko. Katika ujana wake mume wangu alikuwa anabeba mifuko ya wachezaji wa gofu. Mtu anapiga kampira keupe kwa fimbo, kampira kanaruka mbali, mwenyewe anakafuata kwa miguu, na nyuma yake kunakuwa na kijana aliyebeba mfuko wa fimbo zake. Jioni, wenye mchezo wakishakwenda, wabebaji waliachiwa nao wacheze kidogo, na hapo ndipo alipojifunza. Mzee mmoja aliyembebea kwa miaka mingi alimpa fimbo moja, yenye namba saba iliyochongwa kwenye chuma chake, na kopo la maziwa ya unga lililojaa mipira iliyochakaa. Baba yake alipofariki, akarudi huku Maniema kwenye ukoo akiwa na fimbo hiyo mkononi. Aliniambia kwamba kwenye treni watu walidhani ni mkongojo wa mgonjwa, wakampisha kiti.

Kabambare hakukaa. Alikuja Kasongo, akafungua duka la vipuri vya baiskeli na pikipiki pale sokoni, akanioa mimi, Muzimba wa hapa hapa, mwalimu wa shule ya msingi ya misioni. Kiwanja cha gofu hakuna. Wa kucheza naye hakuna. Lakini kila alfajiri, kabla ya kwenda kufungua duka, alitoka nyuma ya nyumba na fimbo yake.

"Mutu asiye na kiwanja," aliniambia siku moja nilipomcheka, "lazima atengeneze kitu cha kumukatalia akikosea."

Basi alitengeneza. Tairi la pikipiki, ambalo sisi huku tunaliita pine, alilijaza matambara na magunia ya mchele, akalifunga chini ya mchikichi, akawa analipiga ili mikono izoee pale fimbo inapokutana na mpira. Mpira wa ndani wa baiskeli aliukata akaufanya pete, akajivika kwenye mikono juu kidogo ya viwiko, ili viwiko visiachane kama mabawa ya kuku. Mwanzi ulikuwa wa kumwonyesha njia ya fimbo. Akipotoka, chuma kinagonga mwanzi. Kwenye ukingo wa paa alining'iniza gunzi la mahindi kwa uzi, likafika usawa wa paji la uso wake. Akiinua kichwa au kukisukuma pembeni, gunzi linampiga usoni. Hilo ndilo nililolicheka zaidi. Chandarua kilikuwa cha kudaka mipira halisi, na kwa hicho niligombana naye kweli, maana tulipewa na kituo cha afya tulalie, si tuvulie mipira.

Na kulikuwa na mstari wa majivu. Alichota majivu jikoni kwangu, akachora mstari chini, akapiga bila mpira, kisha akainama kuangalia fimbo imekwaruza wapi. Nyuma ya mstari, kosa. Mbele ya mstari kidogo, sawa. Aliweza kuinama pale kwa muda mrefu kama mtu anayetafuta sindano.

Mimi nilikuwa jikoni nikiwasha moto, nikimwona kupitia mlango. Sikuwa na haja ya kumwangalia. Nilimsikia. Bu. Kimya kidogo. Bu. Tairi lilitoa sauti nzito, fupi, kama mtu anayeangusha gunia. Chai ilichemka kwa sauti hiyo, na binti yetu alivaa sare ya shule kwa sauti hiyo. Mvua ikinyesha, alipiga chini ya ukingo wa paa.

Presha ilimwangusha dukani siku ya soko. Walimleta nyumbani kwa tshukudu, baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, wakimshika pande zote mbili, lakini hakusema neno tena. Habari hiyo sitaki kuirefusha.

Baada ya shemeji zangu kuondoka nilidhani nitazoea. Watu walikuwa wameniambia kitanda ndicho kigumu, na mahali pake mezani. Kitanda niliweza. Kilichonishinda ni ile saa ya kuwasha moto. Nilikuwa napuliza makaa huku masikio yamesimama, yakingoja kitu, na kitu hakiji. Jogoo wa jirani aliwika, adhana ikaita upande wa chini, kengele ya misioni ikafuata, na katikati ya sauti hizo kukawa na shimo. Nilianza kuchelewa kuamka ili nisiikute saa hiyo. Wanafunzi wakanitangulia darasani.

Asubuhi moja mbuzi wa watu aliingia uani akawa anatafuna gunia lililotokeza kwenye tairi. Nilikamata kilichokuwa karibu, ile fimbo, nikamfukuza. Mbuzi akaruka akaenda. Nami nikabaki nimeshika fimbo, nimesimama pale alipozoea kusimama yeye, udongo umebonyea kwa nyayo zake kama kinu. Nikapiga tairi.

Haikuwa sauti yake. Ilikuwa nyepesi, ya pembeni, na kiganja kikaniuma. Nikapiga tena. Nikapiga mpaka mara moja, kwa bahati, ikatoka: bu. Nikakaa chini nikalia, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi nililia kwa raha yangu, hakuna mtu wa kunishika mabega.

Kesho yake nikapiga tena kabla ya kwenda shule. Na siku iliyofuata.

Jirani yangu, mama mmoja Mwislamu, mjane kama mimi, anayepika mikate ya mchele na kuuza mbele ya nyumba yake, alivumilia kwa muda. Halafu akaja amejifunga kanga kiunoni kama mtu anayekuja kuamua ugomvi.

"Madamu, uko unapiga nani?"

"Sipigi mutu, mama. Napiga pine."

"Pine imekukosea nini?"

Nikamweleza kwamba ndiyo sauti ya baba wa nyumba hii, kwamba nilikuwa naitafuta. Aliangalia tairi, akaniangalia mimi.

"Wanasema umepandwa na mambo ya pepo," akasema. "Mimi nimewaambia hapana. Lakini ungefunga kitambaa mukononi. Angalia umechubuka."

Alikwenda kwake akarudi na kipande cha kanga, akanifunga mwenyewe. Kina mama wa kanisa nao walikuja, na Biblia, wakaomba kwa sauti kubwa kuliko ugonjwa wenyewe. Niliitikia amina. Walipotoka nikaenda kupiga.

Sauti ilinichukua muda kuipata kila mara. Niligundua kwamba haiji kwa nguvu. Ikabidi nifanye kama alivyofanya yeye, na hapo ndipo nikaanza kuvikumbuka vifaa vingine kimoja kimoja. Nikavaa pete ya mpira wa baiskeli. Mwanzoni niliona nimefungwa kama kuku wa kupelekwa sokoni, lakini mikono ikajifunza kwenda pamoja. Nikauelekeza tena mwanzi uliokuwa umelala. Gunzi lilikuwa limeliwa na panya. Nikatundika jingine, na kwa kuwa mimi ni mfupi ikabidi niongeze uzi. Lilinipiga puani asubuhi nzima. Nilicheka peke yangu, na kicheko kikanishtua jinsi kilivyosikika kwenye ua mtupu.

Nilichora na mstari wa majivu, nikainama kama alivyoinama. Ndipo nilipoona kwa nini alikuwa anakaa pale muda mrefu. Ardhi haikubembelezi. Ukikosea, alama iko pale, huwezi kuibishia.

Kiangazi kilipoingia nikalifungua kopo la mipira. Mjini kwetu kuna kiwanja cha ndege, na ndege hutua mara moja moja tu. Siku nyingine ni mbuzi, baiskeli, na watu wanaokatiza njia kwenda mashambani. Mlinzi wake ni mzazi wa mwanafunzi wangu. Aliniruhusu niende Jumamosi mchana jua likianza kupoa, mradi ndege isikute mpira njiani. Mume wangu naye alikuwa akienda huko zamani, kisha akaacha. Sikuwahi kumuuliza kwa nini aliacha.

Mpira wa kwanza sikuugusa. Wa pili niliukanyaga kwa chuma ukaingia ardhini. Niliendelea mpaka mmoja ukainuka. Mtu aliyezoea tairi hajui jambo hilo: kwamba kitu kikipigwa vizuri hakisikiki mkononi kabisa. Ulikwenda juu, mdogo, mweupe, ukaanguka mbele kwenye vumbi. Nikageuka. Sijui nilikuwa namgeukia nani. Nyuma yangu kulikuwa na nyasi zilizokauka, na mbali kidogo mtu anasukuma baiskeli yenye magunia ya makaa, hakuniangalia. Nikaenda kuuokota mpira.

Jumamosi nyingi zilikuwa hivyo. Unapiga, unakwenda kuokota, unarudi. Nilikuwa natembea zaidi kuliko kupiga. Binti yangu alikuwa akinipigia simu kutoka Kindu siku hiyo hiyo, akisikia upepo ananiuliza niko wapi. "Natembea," namwambia. "Na nani?" "Natembea tu." Ananiambia nihamie kwake. Mimi namwambia nitaona wanafunzi wakimaliza mtihani.

Katika kiangazi hicho hicho, mchana mmoja, nikiwa nachambua mchele, nilisikia hodi. Mlangoni kulikuwa na mtu wa makamo, mwekundu kwa vumbi kutoka viatu hadi kofia, na nyuma yake dereva wa pikipiki anashusha mizigo.

"Hodi hapa kwa mukubwa," akasema kwa furaha, akataja jina la mume wangu, jina la utotoni ambalo hapa hakuna anayelijua ila mimi. "Nimeuliza sokoni duka la vipuri, wakanionyesha hii nyumba. Iko wapi yeye? Mumuambie mubebaji mwenzake amefika."

Sokoni hawakuwa wamemwambia. Walimwonyesha tu njia, wakaniachia mimi. Nilimkaribisha, nikampa maji, nikangoja anywe.

"Shemeji," nikasema, "yeye tulimuzika. Mwaka unakwenda sasa."

Alishikilia kikombe kitupu. Aliangalia ndani yake kama vile maji yatarudi. Kisha akavua kofia, na paji lake la uso likaonekana jeusi mahali ambapo vumbi halikufika, akalia kwa ustaarabu, bila sauti. Nilimwita jirani yangu aje akae nasi, kwa sababu haikufaa nikae peke yangu na mwanamume mgeni, na pia kwa sababu sikuwa na nguvu ya kuwa mfariji peke yangu.

Alikuwa anakwenda Salamabila, wanakochimba dhahabu, anapeleka vipuri vya pampu za kunyonya maji mashimoni. Alitaka kumfikia rafiki yake ghafula, bila taarifa. Walibeba mifuko pamoja, wakacheza pamoja jioni, wakala pamoja. Alituhadithia jinsi mume wangu alivyokuwa akipiga. Alisimama katikati ya sebule, akaonyesha.

"Alikuwa na mupigo mrefu," akasema. "Sisi wote tulikuwa tunamuonea wivu. Fimbo ilikuwa inapita mpira, inapanda, inazunguka mpaka mugongoni. Na yeye anabaki amesimama vile, mukono juu, anaangalia mpira kama muwindaji. Wazungu walikuwa wanasimama kumutazama."

Nilimsikiliza mtu huyo akimweleza mwanamume ambaye sikumjua. Mume wangu sikuwahi kumwona amesimama mkono juu. Fimbo yake ilifika kwenye tairi ikaishia pale.

"Shemeji," nikamwambia, "hapa hakuwa anapiga hivyo."

Nikampeleka uani. Aliviangalia vifaa vyote kimoja kimoja kwa heshima, kama mtu anayesoma msalaba kaburini. Pete ya mpira akaivuta ikanyumbuka, akatabasamu. Gunzi akalisukuma kwa kidole. Jirani yangu, ambaye hakupenda jambo lifichwe, akasema, "Yeye pia anapiga. Huyu Madamu. Kila asubuhi."

Mgeni akanigeukia. "Kweli?"

Alilala misioni. Kesho yake, Jumamosi, tulikwenda kiwanja cha ndege sisi watatu. Jirani yangu amechukua kiti kidogo na mikate ya njiani, kana kwamba tunasafiri mpaka Nyangwe. Nikaweka mpira, nikajipanga, nikapiga. Ulikwenda vizuri. Nikapiga mwingine. Nilikuwa na haya kidogo, lakini pia nilikuwa na furaha ambayo sikuijua, kwa sababu kulikuwa na macho nyuma yangu yanayojua nafanya nini.

Mgeni alingoja mpaka mpira wa nne au wa tano.

"Mbona unasimama?"

"Nasimama wapi?"

"Pale pale. Ukigusa mpira tu, unasimamisha fimbo. Kama kuna ukuta." Alikuja akashika fimbo, akanionyesha nilivyofanya: mikono inashuka vizuri, inafika, inakwama. "Nani amekufundisha kusimama?"

"Yeye alikuwa anafanya hivyo."

"Yeye hapana. Yeye alikuwa anamaliza."

"Mimi nilimuona miaka yote, shemeji. Alikuwa anasimama hapo."

Akaigeuza fimbo mkononi. Kisha akauliza, na najua alikuwa ameshapata jibu, "Alikuwa anapiga ile pine kila siku?"

"Kila siku."

"Na mipira?"

"Zamani. Halafu akaacha kuja huku."

Aliiegemea fimbo. "Ni pine," akasema. "Pine si mbaya. Inafundisha mukono kufika. Lakini inakusimamisha. Leo, kesho, mwaka, mwili unaamini kwamba mwisho wa njia ni pale. Halafu ukija kwa mpira, hauendi. Unaanguka hapo karibu." Aliangalia mbele ambapo mipira yangu ilikuwa imelala, si mbali. "Mutu akiwa na mwenzake, mwenzake anamuambia siku ya kwanza. Anamuambia, we, unasimama. Inaisha. Yeye hakuwa na wa kumuambia."

Jirani yangu aliacha kutafuna.

Nilirudi nyumbani na maneno hayo na nilikaa nayo siku nyingi. Mpaka hapo nilidhani upweke wa nyumba ile ni wangu, kwamba umeingia siku walipomleta kutoka sokoni. Sasa nikaona ulikuwepo kabla. Ulikuwa unaamka alfajiri, unachota majivu jikoni kwangu, unainama kutazama ardhi. Alikuja hapa anapiga vizuri kuliko rafiki zake wote, akaharibika kidogo kidogo, akaona mipira haiendi tena, hakujua kwa nini, akaacha kwenda kiwanjani. Na mimi nilikuwa mlangoni. Nilimwona kila siku. Sikujua cha kuangalia.

Kabla ya kuondoka kwenda Salamabila, mgeni alipita kuniaga akaniambia habari ya kila kifaa, maana nilimwomba. Majivu, alisema, hata wachezaji wakubwa hawana kitu bora. Pete ya mpira nzuri. Mwanzi mzuri, lakini uutoe kabla mwili haujauegemea. Gunzi zuri mpaka mpira uondoke. Baadaye kichwa lazima kiachiwe kifuate, la sivyo shingo inakauka. Tairi, kwa mtu anayeanza, wiki chache. Kisha akanifundisha kitu kisichohitaji kutengenezwa. Aliigeuza fimbo, akashika upande wa chuma, akaizungusha hewani. Ilipiga mluzi.

"Sikiliza inalia wapi," akasema. "Ikilia kabla ya mpira, umemaliza nguvu bure. Ilie baada ya mpira. Huko mbele. Basi mwili utaenda wenyewe."

Alisema atarudi kwa njia hii hii, acheze nami tena, alete mipira mipya. Nikampikia wali na sombe, majani ya muhogo, ale njiani. Lakini mvua zilitangulia, daraja moja likakatika upande wa Kabambare, na akanipigia simu yenye kukwaruza kusema kwamba atarudi kwa kupitia Kalemie. "Mupigo umeanza kuumaliza?" aliniuliza. Nikamwambia bado. Simu ikakatika. Tulisalimiana mara mbili tatu baadaye, kisha namba yake ikawa haipatikani. Watu wa biashara hubadilisha namba.

Nikaacha tairi. Asubuhi nikawa nageuza fimbo, nasikiliza. Mluzi ulilia nyuma, ukalia juu ya mpira, ukakataa kwenda mbele kwa muda mrefu. Mwili wangu ulikuwa umeamini ukuta wa mtu mwingine. Siku ulipolia mbele, fimbo ilinivuta, kiuno kikageuka, kisigino cha kulia kikainuka, na nikajikuta nimesimama mkono juu. Nilibaki hivyo. Naamini nilifanana na kijana yule wa Lubumbashi ambaye wazungu walisimama kumtazama. Lakini mume wangu niliyemjua mimi, wa hapa nyuma ya nyumba, anayefika na kusimama, huyo alikuwa ametoka mikononi mwangu. Nilijaribu kumrudisha. Nilipiga tena tairi, mara kadhaa, na sauti ikaja dhaifu, maana mikono ilikuwa inataka kupita. Hakuna aliyeniambia kwamba kujifunza vizuri kuna gharama hiyo.

Mwisho wa mvua kijana wa kubeba mizigo kwa baiskeli aliliomba tairi alikate kanda za kufungia magunia. Nilimpa. Alilifungua, matambara yakamwagika chini, moja likiwa shati langu la zamani nililolitafuta sana. Nilifagia, nikachoma.

Naendelea kwenda kiwanjani Jumamosi. Mipira sasa inakwenda mbali, mbali kiasi kwamba nachoka kuifuata, na mingine nimeipoteza kwenye nyasi. Kopo limepungua. Ikiisha, hapa haipatikani ya kununua. Sijui nitafanya nini. Kusema kweli nilishafikiri kuacha. Mtu akipiga mpira vizuri peke yake, hana hata wa kumwambia kwamba ulikuwa mzuri.

Majuzi jirani yangu alikuwa anakatiza kiwanjani kwenda kwenye shamba lake la mihogo, jembe begani. Aliponiona akasimama, kisha akakaa juu ya jiwe.

"Endelea," akasema. "Napumzika mugongo."

Nilipiga. Nikapiga tena.

"Mama," nikamwambia, "ukikaa bure, nisaidie. Angalia kichwa changu. Nikikiinua kabla mpira haujaondoka, uniambie."

"Mimi sijui muchezo huu."

"Si lazima ujue. Angalia kichwa tu."

Akajisogeza vizuri, akaegemeza kidevu kwenye mpini wa jembe, akanikazia macho kama anavyokazia mikate isiungue. Nikapiga.

"Umekiinua," akasema.

Nikaweka mwingine.

"Hapo hapana. Hapo umekaa vizuri."

Tulifanya hivyo kwa muda, yeye anasema, mimi narekebisha. Hakuniambia uongo hata mara moja. Kisha akainuka, akajipangusa, akasema jua halimngoji mtu wa mihogo, akaenda zake bila kugeuka. Mipira ilikuwa imetawanyika huku na huku mbele yangu. Nikachukua kopo nikaanza kuifuata.